Mizani Ikipungua: Nyimbo za Mtunzi Chipukizi wa Bulwa

Daftari lilinifikia Unguja likiwa limefungwa ndani ya gazeti kuukuu, kwa mkono wa mwalimu mmoja wa Muheza ambaye huvuka bahari kila mwaka kuja kuwazuru wakwe zake. Ni daftari la skuli la kurasa 96, jalada lake limelowa na kukauka mara kadhaa, na ndani yake mna nyimbo 14 zilizoandikwa kwa wino wa buluu, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Maneno machache tu yalitangulia nyimbo hizo: “Shikamoo baba. Nimeambiwa wewe ni mshairi. Naomba unisahihishie.”

Nilimwitikia marahaba kwa moyo wote, na ombi lake nikalitimiza kwa haraka kuliko ilivyostahili. Makala haya ni juu ya nyimbo hizo na juu ya njia aliyoijia mtunzi wake. Hata hivyo msomaji ataona kwamba sehemu moja ni ya kukiri kosa langu mwenyewe, kosa ambalo nadhani wengi wetu tunaoandika katika kurasa kama hizi tumelifanya, ama tutalifanya, pindi kijana anapotuletea wimbo nasi tukadhani ameleta shairi.

Jina lake sitalitaja. Ana umri wa miaka 23, hajarekodi wimbo hata mmoja, na mwenyewe ameomba iwe hivyo mpaka kazi yake ya kwanza itoke. Amezaliwa Bulwa, mama yake ni mchuma chai, na bibi mzaa mama ndiye aliyemlea.

Wasomaji wetu wengi wakisikia Usambara fikra zao huenda Lushoto, kwenye mboga na matunda. Bulwa siko huko. Bonde la Lwengera limeikata milima hiyo pande mbili: Lushoto na Vuga ya Wakilindi ziko Magharibi, Bulwa iko Mashariki, katika wilaya ya Muheza, jirani na Amani ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Ni nchi ya msitu, ukungu na chai. Mto Zigi unakusanya maji yake kutoka milima hiyo, ukateremka hadi bwawa la Mabayani, na mji wa Tanga unakunywa humo. Kwa hiyo hata muimbaji wa taarab wa Tanga ya leo, maji anayosukutulia kabla ya kupanda jukwaani yametoka kwa kina binti huyu. Nayasema haya si kwa mzaha mtupu. Tumezoea kuamini kwamba sanaa ya nyimbo hupanda kutoka pwani kwenda milimani. Ni nadra kuuliza milima imeteremsha nini.

Nianze na vilivyomlea masikioni. Babu yake alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta Tanga mwaka 1893, na ambalo kwa miongo mingi liliwavuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Palipo na vibarua wa kila pembe pana ngoma za kila pembe, na Tanga ya baada ya Uhuru ilikuwa mji wa dansi kweli kweli. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa bendi za huko, na babu alizipenda zote mbili, jambo ambalo kwa watu wa rika lake lilihesabiwa kuwa unafiki. Lakini aliyempenda zaidi alikuwa mtu wa Morogoro, Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Binti huyu hakumkuta Mbaraka, wala babu hakumkuta Mbaraka ila redioni. Lakini alichokichukua binti kwake nakiona wazi katika daftari. Mbaraka alikuwa na tabia ya kumsemesha msikilizaji kana kwamba wamekaa baraza moja, akamweleza shida yake tangu mwanzo, kisha akanyamaza gitaa likasema lililobaki. Wimbo wa tano wa binti, “Barua ya Korogwe”, umejengwa hivyo hivyo. Ni mtu anayeeleza, bila pambo, kwa nini hakuwahi gari. Na mwisho wa kila ubeti ameacha mstari mtupu akaandika pembeni: “hapa nanyamaza”. Hana gitaa la kujaza mahali hapo. Anajaza kwa kunyamaza.

Cha pili ni taarab ya Tanga, nayo inataka maelezo kidogo khasa kwa sisi watu wa visiwani, maana tuna kiburi chetu. Tuna Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture tangu 1958, tuna fidla zetu na ganuni yetu, na tumezoea kudhani kuwa taarab nyingine zote ni matawi ya mti wetu. Pengine ni kweli kwa asili. Lakini katika miaka ya 1960 vijana wa Black Star Musical Club ya Tanga, na baadaye wa Lucky Star, walifanya jambo ambalo sisi tulikuwa na heshima mno kulifanya: walipunguza ala, wakaingiza gitaa la umeme na besi, wakaichukua midundo ya dansi iliyokuwa mitaani mwao, wakauacha wimbo utembee. Mombasa walisikiliza, na wakajifunza. Na katikati ya yote hayo palikuwa na sauti ya Shakila Saidi, aliyefariki Agosti 2016, sauti ambayo haikupanda juu kutafuta kushangiliwa. Ilikaa mahali pake, ikasema neno, ikaliacha neno lifanye kazi. Mama wa mtunzi wetu ana kanda mbili za Shakila zilizokwisha kuchakaa hata sauti inayumba. Binti ameniambia kwamba alipokuwa mdogo alidhani kuyumba huko ni sehemu ya wimbo, akawa anakuiga. Nilicheka, kisha nilipomsikia akiimba niligundua kuwa bado anakuiga, na kwamba ni kitu kizuri.

Kwaya ya kanisa nitaipita upesi. Wamisionari wa UMCA walikuwa Magila, nchi ya Wabondei, tangu karne ya 19, na kuimba kwa sauti nne ni jambo la kawaida katika vijiji vya Muheza kama ilivyo dufu kwetu. Kwaya imemfunza kushika pumzi na kumsikiliza mwenziwe. Haikumfunza kutunga, nyimbo tatu za daftari zilizotoka huko ni ibada njema na ushairi hafifu.

Cha mwisho ndicho kilichonishughulisha zaidi, nacho ni lugha ya bibi. Kishambaa ni lugha ya toni: silabi hupanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ni sehemu ya maana ya neno, si pambo la msemaji. Kiswahili chetu kiliiacha toni zamani. Kilichobaki kwetu ni mkazo, nao una mahali pake pa kudumu, silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana muimbaji wa Kiswahili ana uhuru mkubwa: anaweza kuibeba silabi yoyote juu anakotaka, akaivuta irabu ya mwisho hata ikamaliza pumzi, na maana isiharibike. Anayeimba kwa lugha ya toni hana uhuru kama huo. Wimbo wake hauna budi kuchunga njia ya maneno, walau katika yale ambayo maana yake ingepotea, na kwa hiyo sauti hujifunza kutembea karibu na usemi.

Sasa mtwae mtoto aliyebembelezwa kwa Kishambaa, mpeleke skuli asome kwa Kiswahili, kisha mwambie atunge. Binti huyu anaimba Kiswahili kana kwamba kila neno lina mlima na bonde lake. Haruki kutoka chini kwenda juu kabisa kama wafanyavyo waimbaji wa siku hizi wanaotaka kuonyesha ukubwa wa sauti. Anapanda kidogo, anateremka kidogo zaidi, na mwisho wa mstari huwa chini ya alipoanzia. Aliyesikia nyimbo za mdumange atajua nasema nini. Msikilizaji wa pwani, mara ya kwanza, atadhani muimbaji amechoka. Mara ya pili atahisi kwamba anaambiwa jambo.

Wimbo wake wa “Bibi Hajalala” umefanya zaidi ya hapo: kibwagizo chake ni Kishambaa kitupu, bembelezi la nyumbani kwao. Jamaa yake mmoja wa Dar es Salaam, anayejua mambo ya studio, amemshauri akigeuze kibwagizo hicho kiwe Kiswahili, la sivyo wimbo hautapigwa. Aliniuliza rai yangu. Mimi ni mfasiri. Kwa miaka mingi nimekula, pale nilipokula, kwa kugeuza maneno ya lugha moja kuwa ya nyingine, na ingetarajiwa niseme naam. Nimemwambia asiguse. Sisi visiwani tumeimba Kiarabu kwa miongo mingi, wengi wetu bila ya kukifahamu, tukatikisa vichwa na kutuza, wala hakuna aliyesimama kudai tafsiri. Kwa nini Kishambaa kidaiwe? Na tena si mgeni katika Kiswahili. Abdallah bin Hemedi alipoandika habari za Wakilindi, mwishoni mwa karne ya 19, aliandika Kiswahili kilichojaa majina, vyeo na desturi za Usambara, na kitabu hicho tunakihesabu leo miongoni mwa nathari bora za lugha yetu. Miaka 100 baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wawili wa Tanga walijiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, kwa maneno yaliyotoka kwenye lugha za huko huko. Waliimba juu ya wauguzi na matrafiki na juu ya kuanguka kwa mji wao, kwa Kiswahili chenye ladha ya Tanga isiyofichwa, na nchi nzima iliwaelewa. Wazee wenzangu wa ushairi hawakuwaona kuwa washairi. Mimi pia sikuwaona, wakati ule. Nilisikia vina vyao nikaona havikuchongwa. Sikusikia kwamba lafudhi yenyewe ilikuwa hoja.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa langu.

Wimbo wa kwanza wa daftari unaitwa “Kikapu”. Ubeti wake wa kwanza, kama ulivyoandikwa na mtunzi, ndio huu:

Mama kapanda na jua, kashuka na ukungu,
Kikapu kimemjua, mgongo una pingu,
Mizani ikipungua, nusu sahani yangu.

Mimi sikusoma ushairi chuoni. Nilijifunza kwa kitabu cha Amri Abedi cha 1954, kilichofunzwa kwa vidole, nikihesabu silabi juu ya meza ya duka nililokuwa nikiuza. Mtu aliyejifunza hivyo haachi kuhesabu. Nilihesabu ubeti huu kabla sijausoma. Ukwapi una mizani 8, vizuri. Utao una mizani 7. Mstari wa pili vivyo hivyo, 8 na 7. Wa tatu vivyo hivyo. Nikasema moyoni: mtoto ana vina, “jua” na “kimemjua” amevitumia kwa maana mbili mbalimbali kama watu wanaojua, lakini mizani imemshinda; anakosa moja kila mstari. Nikachukua kalamu nyekundu. “Kashuka na ukungu” nikaifanya “kashuka nao ukungu”. “Mgongo una pingu” nikaifanya “mgongo unazo pingu”. “Nusu sahani yangu” nikaifanya “nusu ni sahani yangu”. Sasa ni 8 kwa 8, kumi na sita kamili, shairi halali. Nikaridhika, nikarudisha nakala kwa mkono wa mwalimu yule yule.

Jibu halikuja kwa miezi miwili. Lilipokuja lilikuwa la adabu kupita kiasi: “Asante sana baba kwa kunisahihishia. Nimejaribu kuuimba, lakini kikapu hakiingii.”

Sikuelewa. Nilifikiri ni hitilafu ya mwandiko. Baadaye mwaka ule nilikuwa na safari ya Tanga kwa shughuli nyingine, nikapanda gari la Muheza, na kutoka hapo jingine linalopita Sigi na kuzungukazunguka msituni hadi Amani na kuendelea. Nilikaribishwa nyumbani kwao kwa chai, ambayo nakiri haikuwa bora kuliko ya dukani, maana ile bora huondoka. Mama alikuwepo. Binti akaimba “Kikapu”, kwanza kwa masahihisho yangu kwa kunistahi, kisha kwa maneno yake.

Kwa mkono wa kushoto alikuwa anapiga kitako cha ndoo. Mchuma chai huchuma majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili ikienda kwa kasi, na viganja vikijaa huvirusha nyuma, juu ya bega, ndani ya kikapu kilichoko mgongoni. Wimbo unakwenda kwa kazi hiyo. Silabi zinachuma, zinachuma, zinachuma. Na mwisho wa kila mstari, mahali ambapo mimi niliona pengo la mizani moja, mkono unarusha. Kuna pigo moja la ndoo lisilo na neno. Hapo ndipo kikapu kinapoingia. “Nao”, “unazo”, “ni”: vineno vyangu vitatu vilikuwa vimekalia mahali pa mkono.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mama ndiye aliyelisema, si mimi wala binti. Nilikuwa nikijieleza, nikasema kwamba katika ushairi tuna kitu kinaitwa mizani na kwamba katika mistari hii mizani ilikuwa imepungua. Mama akanitazama akasema: “Si ndivyo anavyosema?” Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Majani hupelekwa kupimwa, na siku ambayo mizani imesoma pungufu, kwa umande uliokauka au kwa sababu nyingine yoyote, pungufu hilo linafika mezani. Wimbo hautaji shamba wala karani, unataja sahani. Mistari mitatu inayosema juu ya mizani iliyopungua ilikuwa imepunguzwa mizani moja kila mmoja, nami nilikuwa nimeijaza ili iwe kamili.

Nilimuuliza binti kama alikusudia. Alisema hapana, hakujua hata kwamba silabi huhesabiwa. Alijua tu kwamba maneno mengine yakiongezwa mkono unachelewa. Namwamini. Wala hilo halipunguzi thamani ya ubeti.

Wasomaji wa kurasa hizi wanaifahamu ile vita kuu ya vina na mizani iliyowaka baada ya Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974. Mimi nilikuwa upande wa mapokeo na bado nipo. Lakini nimeanza kuona kwamba sisi wa upande huu tumeisahau hoja yetu yenyewe iliyo bora. Tulisema mizani haikubuniwa na wataalamu, ilitoka kwenye kuimbwa. Shairi la Kiswahili lilikuwa wimbo kabla halijawa maandishi. Kama ni hivyo, basi aliye na haki ya kusema mizani ni ngapi ni kinywa na mkono wa muimbaji. Kumi na sita ni kumbukumbu ya namna moja ya kuimba, namna tukufu, lakini haikuwa peke yake hata hapa kwetu. Siti binti Saad alikuja mjini kutoka Fumba akiuza vyungu, hakupitia skuli, na mwaka 1928 alikwenda Bombay akatiwa sauti katika sahani za santuri. Shaaban Robert, fundi wa mizani kuliko sote, alimwandikia wasifu, hakumwandikia masahihisho.

Tofauti moja ya kazi yafaa kutajwa hapa. Katika vilabu vyetu vya taarab, kwa desturi, maneno hutangulia. Mshairi huandika, humpa mtia muziki, naye huyatafutia sauti, kisha muimbaji hufunzwa. Watu watatu, na kila mmoja ana heshima yake. Mshairi huenda asihudhurie hata mazoezi. Utaratibu huo umetupa nyimbo ambazo zikiwekwa kitabuni zinasimama zenyewe. Binti wa Bulwa anafanya kinyume. Anaanza na mwendo wa mwili, kutembea, kuchuma, kutwanga. Mwendo unaleta sauti isiyo na maneno, ambayo anaweza kukaa nayo wiki nzima. Kisha kinakuja kibwagizo. Maneno ya beti huja mwisho, na huandika daftarini pale tu anapoogopa kusahau. Kwa hiyo daftari nililopelekewa halikuwa kazi yake, lilikuwa kivuli cha kazi. Nilikuwa nimesahihisha kivuli. Lakini utaratibu wake una hatari yake pia, nayo nimemwambia: anayeanza na sauti huridhika upesi na neno la kwanza linaloingia, ilimradi limeingia.

Hatari hiyo imo daftarini, tena si kidogo. Nyimbo sita kati ya 14 ni za mapenzi, na nne kati ya hizo zingeweza kutungwa na kijana yeyote mwenye simu, popote kutoka Mwanza hadi Mtwara. Moyo unauma, usingizi haupatikani, simu haipokelewi. Hakuna ukungu ndani yake, hakuna bibi, hakuna hata mtu. Kuna maneno ambayo yamekwisha kuimbwa na wengine mpaka yamelainika kama shilingi. Alipoimba mojawapo niliona hata sauti yake imebadilika: ile tabia ya kuteremka mwisho wa mstari ilipotea, akawa anapanda kama wao. “Elimu ni Bahari”, uliotungwa kwa ajili ya sherehe ya skuli, ni wimbo wa amri; kila ubeti unamwagiza msikilizaji kufanya jambo, na msikilizaji, kama nimjuavyo, hafanyi. Nimemshauri autoe. Amekataa, kwa sababu mwalimu aliyemwagiza amefariki na wimbo huo ni kumbukumbu yake. Sina la kumjibu hapo, ila kwamba kumbukumbu ya mwalimu huyo ingekuwa bora kama mwalimu mwenyewe angekuwemo ndani ya wimbo.

“Kikapu” nao haujakamilika, na sitaki sifa nilizoutolea ziufunike upungufu wake wa kweli. Ubeti wa pili unarudia wa kwanza kwa maneno mengine. Ubeti wa tatu unaingiza methali ambayo haina kazi humo. Imeletwa, naamini, kwa sababu mtunzi alidhani wimbo wenye heshima sharti uwe na methali. Na kuna mtu anayekosekana. Tunamwona mama, tunaona kikapu, tunaona mtoto anayengoja sahani. Anayesoma mizani hatumwoni. Simtaki awe jini wala dhalimu. Nataka kumjua: kama ni jirani, kama naye ana watoto, kama husoma kwa sauti au huandika kimya. Wimbo unaotaja mizani bila mshika mizani unamwachia msikilizaji kazi ambayo mtunzi angeifanya vizuri zaidi.

Neno la pembeni, la kibiashara, ambalo mshairi hapendi kulisema. Katika majabali ya milima hiyo huota ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani, Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na sasa linauzwa vyunguni dunia nzima kwa jina lake, Saintpaulia. Wenyeji hawakupata kitu. Binti ameshaombwa na watu wawili wa studio “kuwaachia” nyimbo, na mmoja alizungumzia “Bibi Hajalala”, bembelezi likiwemo. Nimemwambia asiache kitu kabla hajakiandikisha. Huku kwetu tuna COSOZA, kwao kuna COSOTA, na sheria ya Bara ya hakimiliki ipo tangu 1999. Kwa bembelezi la bibi swali ni gumu zaidi, maana halikutungwa na yeye wala na bibi. Mimi nimependekeza kwamba popote litakapotiwa sauti, liandikwe kuwa ni la Washambaa wa Bulwa, na bibi atajwe kuwa ndiye aliyelifunza. Studio wataona ni urefu wa maneno usio na haja. Na waone.

Nakala yenye wino wangu mwekundu ameirudisha kwangu. Alisema haifai kutupwa kwa kuwa nilitumia muda. Ninayo mezani ninapoandika haya, na juu yake nimeandika upya, kwa penseli, ubeti wa kwanza kama ulivyokuwa. Ubeti wa nne, ule wa mshika mizani, bado hajautunga. Mwendo wake ameshaupata, anasema ni wa polepole kuliko beti nyingine, lakini hana neno hata moja. Anangoja mvua za vuli, majani yawe mengi na foleni ya kupima iwe ndefu, aende akasimame na mama yake asikilize.